Mteja Mmoja Anauliza

Tarehe 9 Februari

Baba, shikamoo.

Nimefika salama na nimepata chumba. Kipo nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na kitanda kinacholia ukikigusa tu. Ungekuwa hapa ungeshakigeuza miguu juu unakaza skrubu.

Nakuandikia kwa sababu unajua mimi na simu hatuelewani. Nikipiga kwako au kwa Shangazi nasema "sijambo", halafu maneno yananikimbia, na nyie mnadhani simu imekatika.

Kazi nimeianza. Ni kiwanda kidogo cha uchapaji, tunatengeneza vitabu vya shule na kalenda. Mimi napanga kurasa. Karatasi zimewekwa mafungu juu ya meza ndefu, nazunguka nikiokota moja moja kwa mpangilio wake, nazigonga mezani zikae sawa, nampelekea anayepaka gundi. Huyo ni msimamizi wetu, mama mmoja mwenye sauti nene, wanamwita Mama Gundi. Mimi wameshanipa jina: Redio. Kwa sababu siongei. "Redio, punguza sauti bwana, hatusikilizani hapa!" Kila mtu anacheka. Nami nacheka, kwa ndani.

Nilitaka kukuambia hili. Mlango wa chumba changu una kitasa cha duara, cha chuma kinachoteleza, kama vile vyote ulivyoving'oa nyumbani ukaweka vya kubonyeza kwa kiwiko. Nilisimama mbele yake na begi langu nikitafuta mtu wa kumwomba anifungulie. Hapakuwa na mtu. Nikakishika, nikakizungusha, kikafunguka. Nikafunga, nikafungua tena. Mwenye nyumba akatokea kuuliza kama mlango una tatizo.

Kazini sijamwambia yeyote kwamba niliugua. Nataka kuwa mtu wa kawaida kwanza.

Mwanao.


Tarehe 21 Februari

Mwanangu, mama,

Marahaba. Barua yako nimeichukua kwa wakala wa basi, nikaisoma nimesimama, nikafika dukani nikairudia nimekaa.

Nimefurahi, lakini furaha yangu ina breki. Daktari alisema ugonjwa umetulia. Hakusema umeondoka. Mimi nimeishi nao nyumba moja tangu mama yako atutoke, nazijua tabia zake. Umelala tu. Nilikuwa nakubeba mgongoni kwenda chooni, msichana mkubwa, na wewe unang'ata kola ya shati langu usipige kelele. Sitayasahau hayo kwa sababu ya kitasa kimoja kilichokubali kuzunguka.

Basi niambie ukweli. Asubuhi vidole vinakunjika? Magoti je? Kama kuna kitu, rudi kabla ya baridi. Chumba chako kipo vilevile. Hata kijiko chako nilichokivalisha mpira wa usukani wa baiskeli kipo kwenye kikombe chake.

Dukani funguo zinachongwa, tunasukuma siku. Kuna mteja mmoja, dereva wa lori, analalamika vidole vinamkaza asubuhi, hata kuwasha gari ni shughuli. Nikamwambia binti yangu anayajua hayo kuliko wewe. Anauliza: kwako kilianza kidole gani?

Shangazi yako anakusalimu. Anasema bora uandike, maana kwenye simu unamlipisha kimya.

Baba yako.


Tarehe 6 Machi

Baba, shikamoo.

Asubuhi vidole vinakunjika. Magoti yanakunjika. Kila kitu kinakunjika. Lakini naomba usiniulize katika kila barua, maana ukiniuliza naamka najichunguza kabla sijafungua macho, natafuta maumivu kama mtu anayetafuta kunguni.

Mwambie mteja wako kwangu vilianza vidole vya kati, mikono yote kwa pamoja. Ndiyo tabia yake, hukamata huku na huku. Asubuhi vilikuwa vimevimba, vina joto, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Ikifika mchana vinalegea kidogo, ndiyo maana hakuna aliyeniamini. Shangazi alisema ni uvivu unaopona saa ya chakula. Mwalimu alisema mwandiko wangu ni wa dharau, akanisimamisha mbele ya darasa. Siku niliyoangusha sufuria ya maji ya moto kila mtu alikimbilia sufuria. Wewe ndiye uliyeinama ukatazama mikono yangu.

Kwa hiyo asisubiri kama tulivyosubiri sisi. Aende hospitali apimwe damu. Kidole changu kidogo cha kushoto kimepinda kwa ajili ya muda ule, na hakitanyooka tena. Mwambie hivyohivyo, hata kama atanuna.

Ana watoto? Namwonea huruma. Akiwa peke yake barabarani na mikono imegoma, nani anamsaidia?

Jana Mama Gundi alikiona kidole. "Redio, hicho kinamwelekeza nani?" Nikasema kilivunjika nilipokuwa mdogo. Akanitazama kidogo, akaendelea kupaka gundi.

Mwanao.


Tarehe 25 Machi

Marahaba, mama.

Sawa, sitauliza tena. Lakini ukiamua kusema mwenyewe sitakuzuia.

Mteja nimemwambia yote. Anasema hospitali ni mbali, foleni yake inammaliza mtu siku nzima, na akifunga kazi siku nzima watu wanahamia kwa mwingine. Mtoto anaye, mmoja. Hajamwambia. Anasema mtoto yuko mbali, ndiyo kwanza anaanza maisha, amwache apumue.

Hata hivyo vidonge ameshavipata, vya njano kama vyako, na ameanza. Anauliza vilichukua muda gani mpaka ukaona nafuu. Yeye anameza na haoni kitu. Asubuhi ile tupa ya kusugulia chuma anaishika kwa mikono miwili kama mtoto.

Usijali mwandiko. Meza imejaa vyuma, naandikia juu ya goti.

Baba yako.


Tarehe 8 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mteja amepata vidonge, maana yake hospitali ameenda. Kumbe ni dereva na fundi pia, anashika tupa? Basi ana kazi mbili za mikono, maskini.

Mwambie vile vidonge huchelewa sana. Mimi nilivichukia, nilimwambia daktari ni unga tu wamenikandia. Halafu ndivyo vilivyonirudishia mikono. Asikate tamaa, aendelee kumeza tu, asiruke.

Nina habari. Nimeenda kliniki ya hapa. Daktari ni dada mmoja kijana mwenye mikono ya baridi. Alinibonyeza kiungo kimoja kimoja kama mtu anayechagua matunda sokoni. "Hapa? Hapa je? Na hapa?" Nikasema hapana, hapana, hapana, mpaka nikaogopa atadhani namdanganya. Akasoma majibu ya damu. Akasema, "Umetulia bado. Umetulia kabisa."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya nje. Nilishindwa kuinuka, nikiona kama nikitikisika maneno yake yatamwagika. Nikalia. Mlinzi akaja akaniuliza nimefiwa? Nikamwambia hapana, nimeambiwa niko mzima. Akasema, "Sasa si ulie ukitembea, dada, unaziba njia."

Baba, nimeanza kufikiria mambo ya mwakani. Zamani nilikuwa nafikiria mpaka jioni tu. Mama Gundi anasema atanifundisha kushona vitabu kwa uzi, ile kazi ya vitabu vikubwa, maana vidole vyangu vina subira. Alisema hivyo. Vidole vyangu.

Mwanao.


Tarehe 22 Aprili

Mama, marahaba.

Habari ya daktari nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nimemsomea shangazi yako, akasingizia moshi wa jikoni.

Mimi nipo. Niliungua mdomo na chai, vidonda vimegoma kupona, hata uji nasubiri upoe kabisa. Na nimejigonga kwenye jiliwa la kubania funguo, paja zima limekuwa jeusi, wala sikumbuki nilijigonga lini. Duka nimelifunga kidogo. Ni uchovu. Uzee unabisha hodi, ila mlango nimeufunga mimi mwenyewe na unajua kazi yangu.

Mteja anakushukuru sana. Maneno yako yamemtia nguvu. Anameza kila asubuhi, hajaruka hata siku moja.

Usije. Ni mafua tu.

Baba yako.


Tarehe 1 Mei

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, lakini baba yako hawezi kushika kalamu, na siku ile kwenye simu hukunipa nafasi ya kusema hata neno.

Ulipopiga nilidhani ni mwanamke amekosea namba. Sijawahi kukusikia ukipiga kelele tangu uzaliwe. "Shangazi, Baba hapokei! Nenda sasa hivi! Mfungue mdomo umtazame! Tafuta kopo langu la vidonge!" Na nyuma yako nasikia mtu anasema zimeni mashine, zimeni mashine. Nilitoka na kandambili mguu mmoja.

Alikuwa sakafuni dukani, kwenye vumbi la chuma, anasema anapumzika. Mdomo wote ndani ni kidonda. Fizi zinatoka damu. Kopo lilikuwa mfukoni mwa suruali, vile vidonge vilivyobaki hapa daktari alipokupunguzia dozi. Hakuna mteja, mwanangu. Hakuna lori wala dereva. Mikono iliyokuwa inakaza ni yake.

Nikamuuliza, kaka, si ulikuwa unamwona mtoto anameza mara moja kwa wiki, Jumapili, mimi mwenyewe namshikia kikombe? Akasema, "Yule alikuwa mtoto. Mimi ni mwanaume mzima, nikajua hiyo ya wiki ni ya mwili mdogo." Kama vile anatia kufuli mafuta, likigoma anaongeza. Daktari alipoambiwa aliweka kalamu chini akatazama dirishani. Kisha akasema vidonge vile mtu hamezi kila siku, hata awe mkubwa kama nyumba, na kwamba vimeila damu yake na kinga yake yote.

Yuko hospitali, chumba cha mwisho, peke yake. Tunaingia na barakoa. Mafua ya mtoto mdogo yanaweza kumchukua. Sikufichi kitu: jana hakunitambua mpaka jioni, aliniita kwa jina la mama yako.

Usije sasa. Daktari amesema wewe hasa usiingie wodini humu, kwa dawa unazotumia. Nitakuita wakikuruhusu.

Na najua utakavyoisoma barua hii. Hukumpa wewe vidonge. Usianze.

Shangazi yako.


Tarehe 5 Mei

Baba, shikamoo.

Shangazi atakusomea hii akiwa na barakoa, kwa hiyo sitaandika mengi.

Niliandika "aendelee kumeza tu, asiruke." Niliandika mimi, bila kutaja kwamba ni Jumapili tu. Kila nikiutazama mkono wangu unavyokunjika vizuri naona aibu. Ulikuwa unaniuliza wewe, nami nikakujibu kama mtu wa njiani. Dereva wa lori nilimwonea huruma, wewe sikukuona mpaka niliposoma vidonda vya mdomo na kumeza kila asubuhi katika barua moja.

Na nimekasirika. Sijawahi kukukasirikia, hata sijui inafanywaje. Uliniuliza kama vidole vyangu vinakunjika, nikakuambia ukweli kwa sababu uliniambia niseme ukweli. Wewe je? Ulidhani mimi nisingekuamini? Mimi?

Kazini nimesema. Baada ya ile simu kila mtu alikuwa ananitazama, nikamwambia Mama Gundi yote, kuanzia kidole kilichopinda. Gundi ikakauka kwenye brashi yake. Halafu akasema, "Nenda ukamwone mzazi wako. Hapa utatukuta." Nikamwambia wasinisubiri, nikishaondoka nimeondoka.

Nimeshafunga begi. Wakikuruhusu kupokea wageni tu, napanda basi, na ninarudi kukaa. Nitakushikia kikombe. Nitakufunga vifungo. Nitachonga funguo wewe ukinielekeza. Ulikuwa mikono yangu, sasa nitakuwa yako.

Usiniambie hapana. Na usife. Nimeandika mawili tu.

Mwanao.


Tarehe 20 Mei

Mama, marahaba.

Shangazi yako anaandika, mimi nasema. Ameniahidi hataongeza la kwake. (Sijaahidi. Shangazi.)

Sijafa. Damu inapanda pole pole. Wamenihamishia wodi ya wengi, na jana nimekula mkate uliolowekwa kwenye chai bila kutoa machozi. Kule nilikotoka kitanda cha chumba cha pili kilikuwa kinatandikwa upya, kinaingia mtu mwingine, kinatandikwa upya tena. Nilikuwa nalala nasikiliza mashuka.

Wamepima na ule ugonjwa mwingine, wa viungo. Ndio wenyewe, kama wako. Dawa nitaanzishiwa upya nikipata nguvu, na safari hii kopo analo shangazi yako. (Nimelifungia kabatini, na ufunguo wake sijauchongesha kwake. Shangazi.)

Umekasirika, na una haki. Nitakuambia kilichonitisha. Maumivu nayavumilia. Tangu uondoke nilikuwa nakuita urudi moyoni, kwa sababu sikuamini. Halafu asubuhi moja mikono ikaikataa tupa, nikafahamu ukijua tu utarudi kweli. Nikaona hicho ndicho nisichokitaka kuliko kitu chochote. Ndipo nikamtafuta dereva wa lori.

Kwa hiyo nakuambia hapana. Usirudi kukaa. Wala usidhani ni ushujaa, sina. Asubuhi muuguzi ananilisha kwa kijiko kama ndege. Ananiambia, "Mzee, utatulia huu, wengi hutulia." Wote wanasema hivyo, wamesomea kusema. Siwaamini. Nikifumba macho nakuona wewe unazunguka ile meza unaokota karatasi. Hilo siwezi kulikataa, maana nilikubeba mwenyewe na uzito wako naujua. Sasa ukija ukae hapa pembeni yangu unishikie kikombe, nani atakuwa amebaki kule mbele nimtazame?

Fungua hilo begi.

Na nina swali. Nauliza mimi, baba yako. Ilikuwaje siku ulipotulia? Ulijuaje?

Baba yako.

(Amelia akisema haya ya mwisho. Hajui nimeandika. Shangazi.)


Tarehe 3 Juni

Baba, shikamoo.

Begi nimelifungua. Ilinichukua siku kadhaa, nilikuwa natoa nguo moja nikirudisha moja. Nitakuja kukuona wakiniruhusu, nitakuogesha mgongo, nitagombana na wauguzi kwa ajili yako kama nikiweza kufungua mdomo, kisha nitaondoka. Ukiweza kusimama utanisindikiza. Usipoweza utaniaga ukiwa umelala, na nitaondoka hivyohivyo, nikilia nikitembea nisizibe njia za watu.

Swali lako. Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Daktari hajaniahidi kitu. Wiki iliyopita kifundo changu cha mkono kilikaza asubuhi. Nilikaa kitandani nimekishika, sipumui, mpaka kikaachia. Sijui kama ni kazi ya kurasa au ni ugonjwa umegeuka usingizini. Na kutulia kwenyewe ndiko huku, Baba: unapewa siku nzuri na hofu yake juu. Huko kwako kwanza kutakuwa kubaya zaidi. Utavimeza na kuona hakuna kitu. Utamchukia muuguzi. Kuna asubuhi utatamani yule aliyekufa chumba cha pili angekuwa wewe. Mimi nilitamani, na sikukuambia.

Lakini umeuliza nilijuaje, na jibu ni kwamba sikujua. Nilikuwa naisubiri siku hiyo. Nilidhani nitaamka nisikie kitu kimeachia mwilini, nikuite. Kila asubuhi nilisikiliza. Haikuja.

Ilikuwa jikoni, mchana, wewe ukiwa dukani. Shangazi alikuwa ananigombeza kuhusu sabuni. Nani amemaliza sabuni, nikanyamaza, basi ni panya amefua, nikanyamaza. Nilikuwa natafuta jibu kichwani, kama kawaida yangu, jibu kali la kumkomesha ambalo nisingelisema. Mikononi nilikuwa na kitambaa cha kufutia meza. Nilikuwa nakikamua. Nilikikamua kwa hasira mpaka hakikutoa tone, nikaendelea kukikamua.

Shangazi ndiye aliyenyamaza kwanza. Nikainua macho kuona kama nimeshinda. Hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anatazama mikono yangu. Ndipo nami nikaitazama.

Sijui ugonjwa ulikuwa umetulia tangu lini. Labda tangu asubuhi ile, labda tangu wiki iliyotangulia. Ulipita mbele yangu nikawa nawaza sabuni.

Kwa hiyo usikae unausikilizia, Baba. Meza Jumapili tu. Siku zilizobaki gombana na Shangazi.

Mwanao.